Kuacha Nyama Bila ya Kula Kiapo

Kuna swali ambalo limekuwa likitufikia mara kwa mara baada ya darsa za akina mama, na ambalo hatukulitarajia kwa watu wa pwani: mtu akitaka kuacha nyama aanze vipi, na dini yasemaje?

Aghlabu waulizaji si vijana waliopendezwa na mtindo mpya. Ni watu wazima waliotoka kliniki na karatasi mkononi, wakaambiwa presha imepanda au mafuta yamezidi katika damu, na nyama nyekundu ipunguzwe. Mama mmoja wa Mji wa Kale alikwenda mbali zaidi ya alivyoshauriwa, akaamua kuiacha kabisa. Wiki ya tatu akaalikwa harusini. Sinia ya biriani ilipowekwa mbele yao, akavuta wali na viazi upande wake na nyama akawasogezea wenzake. Bibi mmoja wa ukoo akamwambia kwa sauti ya kusikika na sinia zote: “Mwanangu, umekuwa Baniani?” Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Siku hizi, atwambia, hajui lipi zito zaidi, kuiacha nyama au kuepukwa na walaji nyama.

Tuanze na hukumu, kwa kuwa ni fupi. Kula nyama ya halali ni jambo la mubaha, na mubaha ni kile ambacho mtu akikitenda hana dhambi na akikiacha hana dhambi. Asiyependa bamia haulizwi sababu, na asiyekula nyama vivyo hivyo. Imepokewa kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, hakuwa akikitia ila chakula: akikitamani alikila, asipokitamani alikiacha. Aliwekewa nyama ya kenge wa jangwani akaizuia mkono wake, na Khalid bin Walid akaila mbele yake bila ya kukatazwa. Wawili katika majlisi moja, mmoja ala na mwingine hali, na hakuna aliyemcheka mwenziwe.

Penye hatari ni mahali pengine. Suratul Maida, aya ya 87, yawakataza waumini kujiharamishia vitu vizuri walivyohalalishiwa. Basi anayeacha nyama kwa ajili ya mwili wake, au kwa kuwa hana hamu nayo, au kwa uchache wa mfuko wake, yu katika wasaa. Lakini anayesema kwamba nyama ni haramu, au kwamba mwenye kuila ni mtu duni kuliko yeye, amevuka mpaka. Na kuna kosa dogo zaidi ambalo wanaoanza hulitenda bila ya kujua: kula kiapo. Mtu hurudi kliniki na hofu yake, akasema, “Wallahi, sili nyama tena maisha yangu!” Siku kumi baadaye harufu ya pilau yampita dirishani. Akila, kiapo kimevunjika na kafara imemlazimu, nayo ni kuwalisha maskini kumi au kuwavisha. Asiyeweza, afunge siku tatu. Lau angeweka nia tu bila ya kuapa, lingekuwa ni pilau alilolila, akaendelea na mboga zake kesho. Kwa hiyo twasisitiza: usiape, wala usiweke nadhiri. Jambo la lishe libaki kuwa la lishe.

(Wengine hutuuliza kama samaki ni nyama. Katika Suratun Nahl samaki ametajwa kwa jina la nyama laini, lakini mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wasema aliyeapa kutokula nyama havunji kiapo chake kwa kula samaki, kwa kuwa desturi ya watu katika maneno yao haimwiti samaki nyama. Kwa mtu wa Lamu au wa Vanga hiyo ni afueni kubwa, na anayeona uzito wa kuacha vyote kwa pamoja anaweza kuanza na nyama na kumbakisha changu.)

Wala tusidhani kwamba mlo usio na nyama ni jambo lililoletwa na Wazungu. Mama wa waumini, bibi Aisha, amesimulia kwamba miandamo mitatu ya mwezi ingeweza kupita bila ya moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, na riziki yao ni tende na maji, pamoja na maziwa waliyopelekewa na majirani zao Maanswari. Anas bin Malik amesimulia kuhusu fundi cherehani aliyemwalika Mtume, akaona jinsi alivyokuwa akiyatafuta mapande ya mumunye pembezoni mwa chombo, ilhali nyama kavu nayo ilikuwamo. Tangu siku hiyo Anas akalipenda mumunye. Na katika Muwatta ya Imam Malik imo kauli ya Sayyidna Umar akiwaonya watu kwamba nyama ina uraibu kama ulivyo uraibu wa tembo. Alikuwa mtawala, na alijua sokoni pana nini.

Sasa twende jikoni, kwani huko ndiko wanaoanza wanakoshindwa.

Lugha yetu yenyewe yatutangulia. Mke wa pwani akisema, “Leo hatuna kitoweo,” hana maana kwamba sufuria ni tupu. Huenda mchicha upo, na nazi ipo. Ana maana kwamba hakuna samaki wala nyama. Tumelelewa kuona kwamba chakula bila ya kitoweo ni chakula kilichopungua, na fikra hiyo hukaa mezani pamoja nasi. Ndiyo sababu mtu hula sahani kubwa ya wali kwa mchicha, tumbo likajaa, na bado akainuka akihisi kwamba hakula. Nusu ya njaa ya wiki ya kwanza imo kichwani.

Nusu ya pili ni ya kweli, na sababu yake ni kuondoa nyama bila ya kuweka kitu mahali pake. Tumewaona watu “walioacha nyama” wakaishi kwa viazi karai, chapati, mkate mweupe na chai ya sukari nyingi. Huko si kula mboga, ni kula wanga na mafuta, na kwa mwenye sukari ni madhara matupu. Badali ya nyama ni jamii ya kunde: maharagwe, mbaazi, pojo, kunde, adesi, pamoja na njugu na korosho. Humo ndimo mna protini. Na zikiliwa pamoja na nafaka, kama wali kwa maharagwe au sima kwa kunde, kile kinachopungua katika kimoja hukamilishwa na kingine. Bibi zetu hawakusoma haya popote, lakini mahamri kwa mbaazi wametulisha miaka yote.

Tatizo litakalofuata ni tumbo. Aliyezoea nyama akihamia maharagwe kwa ghafla hujaa gesi, akaona haya hata kukaa na watu, akasema chakula hiki hakimfai. Si hivyo. Matumbo yanahitaji majuma kadhaa kuzoea nyuzinyuzi nyingi. Aanze na upawa mmoja kwa siku, aongeze kidogo kidogo, na anywe maji ya kutosha. Maharagwe yarowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya. Maharagwe mekundu hasa yachemke kwa moto mkali, kwani yasipoiva barabara yana sumu inayotapisha na kuharisha. Kuyaacha juu ya moto mdogo mchana kutwa hakutoshi. Pojo na adesi ni nyepesi zaidi tumboni, nazo ndizo tungemshauri anayeanza aanze nazo. Na kisamvu kitwangwe na kichemshwe muda mrefu kama wafanyavyo wazee, si kwa sababu ya ladha peke yake bali kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu.

Ama ladha, wengi hudhani utamu wa pilau hutoka kwa nyama. Sehemu kubwa hutoka kwa kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa na rangi ya kahawia, kwa bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Mpishi akivitimiza vitu hivyo, akatia viazi na njegere, mgeni hula na kuuliza baadaye. Ukwaju katika mbaazi, tangawizi na kitunguu saumu katika pojo, ndimu juu ya mchicha: hivi ndivyo humtuliza aliyeikosa nyama. Tui ni neema, lakini aliyeambiwa apunguze mafuta asihame kutoka mafuta ya mbuzi kwenda kwenye kasimile. Atumie tui jepesi, na kidogo.

Hapa kuna la kujifunza kwa majirani zetu wa Kihindi. Mombasa ina familia za Wahindu na Wajaini, ambao baadhi yao hawajaonja nyama kizazi baada ya kizazi, na hekalu la Wajaini liko pale Langoni, hatua chache kutoka nyumba zetu. Kwao kuacha nyama ni ibada, na kwetu si ibada. Tofauti hiyo haifai kusahauliwa. Lakini bajia tunazofuturu nazo, na chapati, na achari, tumezipokea kutoka jikoni za Bara Hindi, na hatukubadili dini kwa kuzila. Ile methali ya “Baniani mbaya, kiatu chake dawa” haitupendezi kwa nusu yake ya kwanza. Nusu ya pili tungeibakisha, na tungempa yule bibi wa harusini kuwa jibu.

Yako mambo matatu ambayo twawasihi akina mama wayashike kwa makini. La kwanza ni chuma cha damu. Chuma kilichomo katika mboga na kunde hufyonzwa na mwili kwa uchache kuliko kile cha nyama. Ndimu, nyanya, chungwa au embe pamoja na chakula huongeza ufyonzaji wake, na chai huupunguza. Na sisi je? Mbaazi zetu tunazinywea chai! Chai ingojee saa moja au zaidi baada ya kula. La pili ni vitamini B12, ambayo haipatikani kwa kutegemewa katika mimea. Anayekula mayai na kunywa maziwa au mtindi huipata humo. Aliyeacha hivyo pia hana budi kutumia vidonge. Upungufu wake hujificha, kwa kuwa mwili una akiba inayoweza kudumu miaka, kisha huja ganzi ya mikono na miguu, uchovu na usahaulifu. La tatu, mja mzito, anayenyonyesha, na mgonjwa wa figo wasianze mlo huu bila ya kuzungumza na daktari au muuguzi. Mwenye figo dhaifu, hata maharagwe na mboga za majani huwa na kipimo chake. Wala mama asiwalazimishe watoto wadogo kufuata mlo wake.

Lililo gumu kuliko yote ni nyumba. Mume akiambiwa na daktari aache nyama, nyumba nzima hupikiwa mboga na hapana anayenung'unika kwa sauti. Mke akiambiwa vivyo hivyo, huwasha majiko mawili: hili la nyama ya watu, na lile la pojo zake, na mwisho, kwa uchovu, hula kile kilichobaki katika sufuria ya watu. Tumeyasikia haya mara nyingi mno kuyapita kimya. Enyi waume, kuishi na wake kwa wema ni amri, na wema wakati mwingine ni kula maharagwe siku tatu kwa wiki bila ya kukunja uso. Yamkini na presha yako itashuka.

Kwa mavyaa aliyekasirika kwa kuwa mkaza mwana amekataa mchuzi wake, ulimi mzuri hufanya kazi. Asiseme, “Sili nyama.” Aseme, “Mama, daktari amenizuia, lakini wali wako nitaula, na unifundishe maharagwe yako ya nazi.” Akiupenda upishi wake, amempenda mwenyewe.

Karamu zisiachwe. Mwaliko wa harusi ni wajibu kuuitikia kwa asiye na udhuru, lakini kula si wajibu. Imepokewa katika hadithi ya Jabir kwamba aliyealikwa aitikie, kisha akipenda ale, na akipenda aache. Basi kaeni katika sinia na wenzenu, kuleni wali na kachumbari, nyama muisogeze kwa utulivu bila ya hotuba juu ya kolesteroli. Ni vyema kutia kitu tumboni kabla ya kutoka nyumbani. Na ninyi wenye karamu, sufuria moja ya mbaazi haitawafilisi, na hamjui ni wangapi wataifuata.

Imebaki Idi ya kuchinja, nayo ndiyo tunayoulizwa zaidi mwezi wa Dhul Hijja ukikaribia. Udhiya ni sunna iliyotiliwa mkazo katika madhehebu ya Shafi, na hauondoki kwa mtu kutokula nyama. Aliye na uwezo achinje au amwakilishe wa kumchinjia. Kula katika udhiya wake wa sunna ni jambo linalopendeza, si la lazima. Cha lazima ni maskini wapate sehemu yake ikiwa mbichi. Anayeweza kuonja kipande kimoja kwa kutaraji baraka, bila ya kudhurika, na aonje, na hapo ndipo atakapoona faida ya kutoapa. Asiyeweza, agawe yote, na siku hiyo wako majirani wengi ambao kwao nyama ndiyo waliyoikosa mwaka mzima. Wallahu aalam.