Roboti Yenye Inaomba Maharagi: Kuchekesha na Kuogopesha mu Senario Fupi

Wengi kati yenu munaandika senario za filme fupi, na tangu telefone ilianza kujibu maswali kama profesa, karibu kila senario iko na mashini ya wakati ujao ndani. Sawa. Lakini kuko ugonjwa moja wenye unarudi: kicheko kinatembea peke yake, na woga unatembea peke yake. Sentinele mlevi anachekesha watu dakika tatu, anatoka, kisha mashini yenye macho mekundu inaingia na kuua watu dakika tano. Ule si mchanganyiko. Ni filme mbili ndogo zenye zimefungwa na kamba moja.

Na siye tungepaswa kuiweza hii kazi kuliko wengine. Ku Kinshasa, yale mabasi ya zamani ya Mercedes 207 watu waliyapatia jina «Esprit de mort», roho ya kifo. Mutu anasimama kando ya barabara, anasimamisha roho ya kifo, anabishana nayo bei, anapanda na mtoto ku magoti. Jina linamchekesha, na sababu ya jina anaijua vizuri. Hakuna mwenye alileta kicheko pembeni ili kupoza woga: viko mu neno moja.

Hapo njo penye tunapaswa kukamata. Kicheko na woga vitoke mu kitu kimoja, mu kanuni moja ya ile mashini. Kanuni isibadilike tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Chenye kinabadilika ni pahali penye mutu amesimama: mwanzoni kanuni inamgusa mwengine, mwishoni inamgusa yeye.

Mfano wa kwetu kabisa, ata kama hauna mashini ndani, ni Le Damier ya Balufu Bakupa-Kanyinda, filme ya mwaka 1996. Rais hapati usingizi, anaita bingwa wa mchezo wa dama atoke mtaani aje kucheza naye usiku. Shida ni kwamba mtaani mutu anacheza dama huku anamtukana mwenzake, na bila matusi mchezo hauendi. Basi bingwa anatukana. Kila tusi linachekesha, na kila tusi linaweza kumuua. Mtazamaji anacheka na mkono ku mdomo. Angalieni vizuri: mwandishi hakuhitaji mzimu wala damu. Alichukua desturi moja ya mtaani, akaipeleka pahali penye haipaswi kufika.

Upande wa mashini, ata neno «roboti» lilizaliwa mu mchanganyiko huu. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alilileta mu tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, toka neno la kwao «robota», ni kusema kazi ya kulazimishwa. (Wazee wenye walifanya salongo wataelewa mbio.) Ile tamthilia aliipanga hivi: utangulizi wa kuchekesha, kisha sehemu tatu za drama. Mu utangulizi, Helena anatembelea kiwanda. Anaona roboti mwanamuke, anakataa kabisa kwamba si mutu. Kisha anakutana na wakubwa wa kiwanda, watu wa kweli, na yeye anadhani hao njo maroboti. Watu wanacheka. Mwishoni roboti wamemaliza watu, amebaki mmoja tu, na lile swali la kuchekesha, nani ni mutu na nani ni mashini, linarudi bila mwenye kucheka.

Sasa tujaribu na kitu chenye tunakijua. Mwaka 2013, ku Kinshasa, njia panda zilipata maroboti ya rulaji, kazi ya enjenia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake: mwili wa aluminiamu, nguvu ya jua, kamera za kurekodi magari. Mzaha unajiandika wenyewe: polisi mwenye haombi kitu. Lakini ule mzaha ni mfupi, unaisha mu dakika moja. Tuugeuze. Mu filme yetu, roboti amesimama miaka mingi akiangalia namna watu wanafanya kazi hapo, na amejifunza. Anajua ata maneno: madesu ya bana, maharagi ya watoto.

Ukurasa wa 1. Usiku. Taksi inasimama, taa nyekundu. Roboti, kwa sauti ya heshima: «Papa, jioni njema. Kitu kidogo, maharagi ya watoto.» Shofere: «Weye chuma, watoto ulizaa na nani?» Nyuma, mama mwenye mimba anacheka, ata kama uchungu umeanza. Shofere anaweka noti mu mkono wa aluminiamu. Taa inageuka kijani.

Ukurasa wa 4. Njia panda ya pili. Roboti mwengine, sauti ileile, neno lilelile. Shofere anacheka kidogo, analipa. Mama, safari hii, hacheki.

Ukurasa wa 7. Njia panda ya tatu. Pesa imekwisha. Shofere anageuza mifuko, anatoa saa ya mkono, anaonyesha mama nyuma. Roboti anapokea saa, anaiangalia. «Papa, watoto hawajashiba.» Kamera inapanda, tunaona barabara yote mpaka mwisho: kila njia panda taa nyekundu, kila kichwa cha aluminiamu kimegeuka upande wetu.

Roboti hakupata nguvu mpya. Hakuota meno. Neno lenye lilituchekesha mwanzoni njo lenye linatufunga mwishoni, na jibu la swali la shofere, «ulizaa na nani», limesimama barabarani. Tena muone kazi ya yule mama. Yeye anaacha kucheka mbele yetu. Mu filme fupi ni dawa kubwa kuliko muziki wa kutisha: uso moja wenye umeelewa wakati salle ingali inacheka. Ukurasa moja wa senario ni karibu dakika moja ya filme, kwa hiyo mu dakika nane uso huo uingie katikati. Ukingoja mwisho, watu watadhani ni mzaha mwengine.

Juu ya tarehe, neno moja tu. Jean-Pierre Bekolo wa Kameruni, mu Les Saignantes ya 2005, alituweka mu mwaka 2025, na mwaka 2025 ulifika. Kama tarehe haina kazi, musiiandike.

Kuko pahali pagumu zaidi: tunamcheka nani? Mu senario nyingi ni mama wa kijijini mwenye hajui telefone. Anaongea na ekrani, anaipatia chakula, watu wanakufa na kicheko. Ni mzaha dhaifu, na unaharibu woga vilevile, kwa sababu mutu mwenye tumemdharau hatutamwogopea wakati mashini inamfikia. Mcheke mwenye anajiona mjanja, kama shofere wetu. Na muulize filme itaonyeshwa wapi. Drone, kwa wengi, ni kitu cha wakati ujao. Ku Goma, ndege zisizo na rubani za MONUSCO zilianza kuruka Desemba 2013, na tangu hapo anga la Kivu limebeba mengine mabaya zaidi. Mukiweka ule mlio juu ya mzaha, kuko mutu mu salle mwenye hatasikia mzaha tena. Atakuwa anatafuta mlango. Kama ule mlio ni wa lazima, umpatie yeye mwenye anaujua nafasi ya kusema mzaha, si mgeni.

Mwisho wa senario, musilete profesa wa koti nyeupe kueleza ile mashini ilitengenezwa namna gani. Mama analia nyuma ya taksi, roboti anavaa saa ku mkono wake wa chuma, polepole, na anaipima kama inamtosha. Andikeni neno moja, GIZA, na muache kalamu.