Sikio Hungoja Kina

Sisi wa Elerai tukipita karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, mara nyingi twawaza mpira tu. Kumbe mwenye jina hilo alikuwa mshairi. Kabla ya kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, alitoa mwaka 1954 kitabu kiitwacho "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri". Alifariki mwaka 1964, lakini sheria zile watunzi wangali wanazifuata.

Nazo si ngumu. Mizani ni hesabu ya silabi: shairi la kawaida lina mizani 16 katika kila mstari, 8 kila upande. Kina ni silabi inayolingana, katikati ya mistari na mwishoni. Haitoshi irabu kufanana. "Maji" na "mlaji" zina kina kimoja. "Maji" na "hodi" hazina.

Soma mistari hii kwa sauti:

Mama aliponituma, kwenda kisimani maji,
Njiani nikasimama, kutazama wachezaji.

Sasa, mahali pa "wachezaji" tia "wale watu". Mizani haikupungua, na habari bado yaeleweka. Lakini je, hukusikia pengo? Sikio lilikuwa likingoja "ji", likanyimwa. Ndiyo kazi ya kina: humfanya msikilizaji angoje, kisha humpa alichokingoja, naye hufurahi na kukumbuka. Ndiyo sababu bibi asiyejua kusoma aweza kushika beti nyingi kichwani bila kupoteza neno, kwani akisahau, kina humkumbusha. Mathias Mnyampala (1917–1969) alipotunga "Utenzi wa Enjili Takatifu", aliitia Habari Njema katika chombo ambacho sikio laweza kukichukua hata pasipo kitabu.

Hata hivyo yatupasa kuangalia. Kina ni mtumishi mwema, lakini akifanywa bwana huleta uongo. Mimi mwenyewe nilikosa hivyo. Niliombwa kutunga shairi la kumuaga mzee mmoja wa parokia yetu. Nilihitaji neno la kuishia "ji", nikamwita mfugaji. Mistari ililia vizuri, na watu wakaitikia. Baada ya mazishi mjane wake akaniita kando, akasema kwa upole, "Karani, mwanangu, ng'ombe gani hao? Baba yao aliwauza wote ili watoto wasome."

Niliona haya. Sifa kubwa ya mzee yule ilikuwa kwamba hakubaki na ng'ombe hata mmoja, nami nilimnyang'anya sifa hiyo kwa ajili ya silabi moja.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa "Kichomi", diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na mabishano yakawa makali. Mimi ningali mpenzi wa vina. Lakini nakiri kwamba kuliko kina kizuri chenye uongo, ni heri mstari usio na kina.

Basi, msomaji mpendwa, utungapo shairi la harusi, la ubatizo au la kuaga, usilimalize peke yako mezani. Lisome kwa sauti mbele ya mtu anayemjua vema yule unayemtaja. Sikio lako litakagua kina. Yeye atakagua kweli.