Kufuli la Hakimiliki Mikononi mwa Serikali

Mwaka 2017 Apple iliondoa programu za VPN, zinazomsaidia mtu kukwepa udhibiti wa intaneti, katika duka lake la China, ikieleza kwamba hazikuwa na leseni inayotakiwa na sheria ya huko. Polisi hawakuhitaji kupita nyumba kwa nyumba kukagua simu. Kwa kuwa iPhone haikupokea programu ila kupitia duka hilo, amri moja kwa kampuni moja ilitosha. Septemba 2021 Urusi ikafuata njia ileile: siku ya kwanza ya uchaguzi wa bunge, programu ya wafuasi wa mpinzani Alexei Navalny iliyowaelekeza wapiga kura iliondolewa na Apple na Google.

Tunawalaumu watawala, na wanastahili lawama. Ila mlango huo mmoja hawakuujenga wao. Ulijengwa Marekani kwa ajili ya biashara, ukawekewa ulinzi wa sheria.

Sheria yenyewe ni DMCA, sheria ya hakimiliki za kidijitali ya Oktoba 1998. Kifungu chake cha 1201 kinakataza kuvunja kufuli la kidijitali linalolinda kazi yenye hakimiliki, hata pale ambapo aliyelivunja hakuiba kitu. Kufuli linaloifunga iPhone kwa duka moja ni la aina hiyo. Kutengeneza na kusambaza chombo cha kulivunjia nako ni kosa. Julai 2001 Dmitry Sklyarov, mwandishi wa programu kutoka Urusi, alikamatwa Las Vegas baada ya kutoa mada kuhusu udhaifu wa ulinzi wa vitabu vya kielektroniki. Mwajiri wake, ElcomSoft, alionekana hana hatia Desemba 2002. Sheria ikabaki. Tangu 2010 mwenye simu ameruhusiwa kuifungua ili ipokee programu za nje ya duka, lakini ruhusa hiyo hutolewa upya kila miaka mitatu, na haimpi mtu mwingine haki ya kumtengenezea chombo cha kuifungulia. Ruhusa ya namna hiyo inamfaa fundi aliyebobea. Wengine wote wanabaki walipokuwa.

Hapo ndipo uhuru ulipoanza kumomonyoka, na wengi hatukuona kwa sababu mjadala ulihusu wizi wa muziki na filamu. Kumbe kinachomwezesha mwenye kampuni kumzuia mteja kinamwezesha pia yeyote mwenye nguvu juu ya kampuni hiyo. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu vya George Orwell, kikiwamo tunachokijua kama Shamba la Wanyama, katika vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu muuzaji hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa. Uwezo wa kufuta kwa mbali ulikuwa umeshaonekana.

Machi 2024 Umoja wa Ulaya uliilazimisha Apple kukubali maduka mengine. Mtumiaji wa Mwanza au Mombasa hakuguswa na ushindi huo. Yeye amekuwa na Android, ambayo programu yake huweza kutumwa simu kwa simu, bila duka. Agosti 2025 Google ikatangaza kwamba kuanzia 2026, katika nchi chache kwanza, programu ya mtengenezaji asiyejiandikisha kwake kwa utambulisho wake halisi itazuiwa kwenye simu zilizoidhinishwa. Baada ya malalamiko iliahidi njia ya pembeni kwa watumiaji wazoefu. Lakini ili awafikie wengine wote, mtengenezaji wa VPN anayejificha dhidi ya serikali yake atatakiwa kulitaja jina lake.