Mti wa Leo, Jua la Kesho

(Muziki unashuka.)

MTANGAZAJI: Mchicha wa kwenye gunia ukikauka, unapanda mwingine. Mti je? Mzabibu huzaa miaka 30 na zaidi. Ukikosea leo, unajuta hadi uzeeni. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Geisenheim, Ujerumani, tangu 2014 wanapulizia mizabibu shambani kabonidioksidi, asilimia 20 hivi zaidi ya iliyopo hewani, kama inavyotarajiwa katikati ya karne hii. Wanapima majani, maji na zabibu zenyewe, ili mkulima ajue mapema.

Nawe ukipewa mche, uliza kwanza: utavumilia kiangazi kirefu? Ukishapanda, weka nyasi kavu shinani, mwagilia jioni. Huenda tutakuwa tumesharudi nyumbani. Kivuli kitabaki kwa wenyeji waliotupokea.

(Muziki.)