Gari la mazutu la okazio: tupige hesabu mbele ya kulipa



Kila mara likelemba inapoangukia mmoja wetu, au mtu anapolipwa pesa ya miezi iliyolala, swali linaingia kwenye simu yangu: "Mukubwa, nimepata motoka moja ya mazutu, okazio, iko safi, inakulaka kidogo. Nichukue?" Kwa kuwa nilisoma mekanika na Jumamosi zangu nyingi zinaishia garajini, watu wanangoja niseme ndiyo au hapana. Mimi ninajibu kwa swali lingine: kwa mwezi unatembea kilometa ngapi?

Wengine wanaona ninawazungusha. Lakini gari kwetu ni pesa ya miaka, na mara nyingi ndani yake kuna pesa ya bibi, ya kaka, ya shemeji. Likisimama, pesa ya masomo ya watoto inasimama nalo. Basi wacha niandike hapa yale ninayowaambia wenzetu mmoja mmoja.

KWA NINI MAZUTU INAKULA KIDOGO

Ni kweli, inakula kidogo. Sababu ziko tatu.

Ya kwanza ni namna inavyowaka. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alionyesha motere yake iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897, mjini Augsburg. Wazo lake lilikuwa hili: usiwashe mafuta kwa cheche, bana hewa mpaka ipate moto yenyewe. Aliyewahi kujaza upepo katika baiskeli anajua namna pompi inavyopata moto mkononi. Ndani ya motere ya mazutu hewa inabanwa mara 16 mpaka 20 hivi, joto lake linapita digrii 500, na mazutu ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Motere ya esansi kwa kawaida inabana mara 10 hivi tu, halafu inangoja bujia itoe cheche. Unapobana zaidi, sehemu kubwa zaidi ya ule moto inageuka kuwa nguvu ya kusukuma gari, na sehemu ndogo inapotelea katika bomba la moshi.

Ya pili ni pumzi. Katika motere ya esansi, ukikanyaga kidogo tu, mlango wa hewa unabaki karibu kufungwa, na motere inavuta pumzi kwa shida kama mtu aliyezibwa pua. Ya mazutu inaacha hewa iingie. Kinachopunguzwa ni mafuta.

Ya tatu ni uzito. Lita moja ya mazutu ina gramu 840 hivi, ya esansi 740 hivi. Kwa hiyo ndani ya lita ya mazutu kuna nguvu zaidi, asilimia 10 au kupita kidogo. Ukijumlisha zote tatu, kwa magari mawili ya ukubwa mmoja, lile la mazutu linaweza kula robo pungufu.

Angalia vizuri neno hilo: ya ukubwa mmoja. Hapo ndipo wengi wanapotea. Mtu anasema anatafuta kupunguza mafuta, halafu ananunua Prado ya mazutu ya lita 3. Toyota Vitz ndogo ya esansi, ya lita 1, inakula kidogo kuliko Prado ile, na kwa mbali. Mazutu haigeuze gari la tani mbili kuwa baiskeli. Kama haubebe mzigo na haupite barabara mbaya, gari dogo la esansi ndilo jibu lako, na unaweza kuacha kusoma hapa.

HESABU YA KILOMETA

Sasa tuchukue magari mawili yanayofanana. La esansi linakula lita 12 kwa kilometa 100, la mazutu lita 9. Kwa mfano tu, tuweke bei moja kwa mafuta yote mawili: dola 1 na senti 20 kwa lita. Wewe utaweka bei ya siku yako.

Mtu wa kwanza anafanya biashara kati ya Lubumbashi na Likasi, kwenda na kurudi kilometa 240 hivi, mara tatu kwa juma. Kwa mwezi anafika kilometa 3,000. Kwa esansi angechoma lita 360. Kwa mazutu 270. Anaokoa lita 90 kwa mwezi, lita 1,080 kwa mwaka. Ni dola 1,296.

Mtu wa pili anatoka Katuba kwenda kazini mjini na kurudi, anazunguka kidogo, kilometa 20 kwa siku, siku 25. Ni kilometa 500 kwa mwezi. Kwa esansi lita 60, kwa mazutu 45. Anaokoa lita 15 kwa mwezi, 180 kwa mwaka. Ni dola 216.

Gari ni moja, motere ni moja, lakini faida ya mmoja inapita ya mwingine mara sita. Sasa weka juu yake mambo mawili. Okazio ya mazutu mara nyingi inauzwa bei kubwa kuliko ndugu yake ya esansi. Tuseme tofauti ni dola 1,500. Mtu wa Likasi anairudisha kwa miezi 14. Mtu wa Katuba atangoja karibu miaka saba. Halafu enjektere, vile vidude vinavyonyunyiza mafuta ndani ya silinda: kwa magari ya kisasa, moja mpya ya asili inaweza kupita dola 200, na motere nyingi ziko na nne. Zikifa zote, dola 800 zimeondoka. Kwa wa Likasi ni akiba ya miezi saba na nusu hivi. Kwa wa Katuba ni karibu miaka minne ya kuokoa, imekwisha asubuhi moja garajini.

MOTERE YA BABA ZETU NA MOTERE YA LEO

"Lakini mazutu haikufake!" Ninasikia hivyo kila siku. Waliosema hivyo walizoea motere kama 1HZ ya Land Cruiser, au 3L na 5L za Hilux na Hiace. Zile ziko na pompi ya mekanika tu, presha si kubwa, ordinatere haiko. Hazina haraka, lakini zinavumilia.

Kuanzia mwaka 1997 magari madogo ya mazutu yalianza kupata mfumo mwingine, ambao Wafaransa wanauita rampe commune: bomba moja lenye mafuta ya presha kubwa sana, na enjektere zinazofunguliwa kwa umeme. Ya kwanza ilifika bar 1,350. Zilizofuata zilipita 2,000. Upepo katika mpira wa gari lako ni bar 2 au 3 tu. Kwa presha hiyo mafuta yanakuwa kama ukungu, yanawaka vizuri, na ndiyo maana magari haya yanakula kidogo na kuvuta kwa nguvu. Lakini nafasi kati ya vyuma vyake ni ndogo kuliko unene wa unywele. Tone la maji au mchanga mdogo unatosha kuharibu.

Sasa fikiri mafuta tunayoyanunua. Bidoni ya ba-kadafi kando ya barabara imelala nje, imepata mvua, imepata vumbi. Wengine wanaongeza petroli ya taa. Mazutu ndiyo inayopaka mafuta vyuma vya pompi. Petroli ni nyepesi, haipake vizuri, na vyuma vinaanza kusagana. Motere ya 5L itakohoa na kuendelea. Ya kisasa itakupeleka kwa fundi wa enjektere.

Kuna na filta ya moshi, ile wanayoita FAP. Inakamata masizi, halafu inapaswa kuyachoma kwa joto la digrii 600 hivi. Kwa kawaida hilo linaomba gari litembee mwendo mzuri, bila kusimamasimama, dakika 15 au 20. Barabara ya Likasi inaweza kutoa hiyo. Safari fupi za mjini hazitoe: filta inajaa, taa inawaka kwenye tablo, motere inakosa nguvu. Hapo fundi anashauri kuikata. Gari linatembea, lakini moshi unabaki kwetu. Mwaka 2012 tawi la utafiti wa kansa la Shirika la Afya Duniani, yaani IARC, liliweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Watoto wanaotembea kando ya barabara ndio wanaouvuta.

Na usishangae kuona okazio za aina hii zikiwa nyingi. Mwaka 2015 nusu hivi ya magari mapya ya Ulaya Magharibi yalikuwa ya mazutu. Mwezi wa tisa wa mwaka huo ikajulikana kwamba Volkswagen iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi, katika magari milioni 11 hivi. Miji mingi ikaanza kufungia magari ya mazutu ya zamani, na watu wakaanza kuyaacha. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo ya okazio milioni 14, ya mazutu na ya esansi, yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018. Asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Kuna mazuri ndani yake. Lakini kumbuka kwamba gari lililoletwa kwako lina sababu ya kuachwa kwao.

NAMNA YA KUANGALIA

Mimi ninapomsindikiza mtu, ninafuata mambo haya.

1. Fika asubuhi, na mbele ya kuwasha weka mkono karibu na motere. Siku moja muuzaji mmoja alituambia gari halijawashwa tangu jana, na radiatere ilikuwa bado moto. Tulirudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi: lilikataa kuwaka mara tano, halafu likatoa moshi mweupe uwanja mzima. Motere ya mazutu iliyochoka inajificha ikiwa na moto. Ikiwa baridi inasema ukweli.

2. Soma moshi. Mweupe unaoendelea: mafuta hayawake vizuri, au maji yanaingia. Wa bluu: inakula mafuta ya motere. Mweusi mzito: enjektere, turbo au hewa pungufu.

3. Motere ikiunguruma polepole, fungua kifuniko cha kumwagia mafuta. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikipuliza kwa nguvu pamoja na moshi, silinda na pistoni zimechoka. Hapo ninaaga.

4. Toa kijiti cha mafuta. Yakipita alama ya juu na kunuka mazutu, mazutu inavuja ndani.

5. Motere ikiwa bado baridi, fungua radiatere. Mafuta juu ya maji, au povu lisilokwisha, ni dalili ya joani au kulasi iliyopasuka. Kwa motere kama 1KZ, inayojulikana kupasuka kulasi ikipata moto kupita kiasi, sirukake hatua hii.

6. Kama ni ya kisasa, lipa fundi aliye na skana, na umwombe apime marudio ya enjektere: chupa ndogo moja kwa kila enjektere, muda mmoja. Chupa inayojaa haraka kuliko zingine inaonyesha iliyochoka. Angalia pia taa za tablo: zinapaswa kuwaka kwanza, kisha kuzimika. Taa isiyowaka kabisa imetolewa.

7. Usiamini konteri ya kilometa. Angalia pedali, usukani, kiti cha shofere. Vitu hivyo havirudi nyuma. Na linganisha namba ya shasi na karatasi za duane, herufi kwa herufi.

8. Ulaji wa mafuta usiambiwe, upime. Jaza tanki pomoni, tembea kilometa 100, jaza tena kwenye stasioni ile ile. Lita ulizoongeza ndizo jibu.

BASI NANI ANUNUE?

Unayepita kilometa 2,000 kwa mwezi, unayebeba mzigo, unayefanya Likasi, Kolwezi au Kasumbalesa: mazutu ni yako. Kama unanunua mafuta mahali popote, chagua motere ya zamani ya mekanika, hata ikikula kidogo zaidi. Kama uko na stasioni unayoiamini na fundi mwenye skana, ya kisasa inawezekana. Unayeishia kati ya Katuba, Kenya na Golf: chukua esansi ndogo, ubaki na amani.

Na kwa wote: toa pembeni robo ya pesa yako mbele ya kuanza kuzungumza bei. Ni ya filta mpya, mafuta ya motere, mkanda wa distribisio, batiri, na lile moja ambalo hamkuliona. Kama pesa yote inaishia mkononi mwa muuzaji, bado haujapata pesa ya gari. Ngoja duru nyingine ya likelemba.