Kuogelea chali: maneno ya kusimulia safari ya Kirsty Coventry

Tarehe 20 Machi 2025, huko Ugiriki, Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alipata kura 49 kati ya 97 katika duru ya kwanza, akawa mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Cheo chenyewe kinaelezeka kwa Kiswahili bila taabu. Kigumu ni kueleza alichokifanya majini kabla ya cheo, kwa sababu mtindo uliompa sifa, ule unaoitwa kwa Kifaransa « dos », hauna jina moja lililokubaliwa katika lugha yetu. Makala haya yanapendekeza jina, kisha yanalipima kwa kusimulia safari yake.

Majina matatu yanawezekana. La kwanza ni « mgongo », tafsiri ya moja kwa moja ya Kifaransa. Linataja kiungo cha mwili, lakini halisemi kiungo hicho kinafanya nini. La pili ni « kinyumenyume ». Hili linapotosha: anayekwenda kinyumenyume hutanguliza mgongo huku akitazama alikotoka, lakini muogeleaji huyu hutanguliza kichwa na kutazama juu. La tatu ni « chali », nalo linataja namna mwili unavyolala.

Nachagua la tatu, kwa kuwa ndilo linalogusa kanuni ya mchezo. Kiswahili hutofautisha kulala chali, kulala ubavu na kulala kifudifudi. Kanuni za kimataifa zinamruhusu muogeleaji kuyumba upande huu na upande huu, mradi mwili usifikie nyuzi 90. Yaani anaweza kuinamia ubavu, lakini asilale ubavu. Wakati wa kugeuka tu ndipo anaruhusiwa kupinduka kifudifudi, avute mkono na kubiringika. Miguu ikiachana na ukuta, lazima awe chali tena, na agusse ukuta wa mwisho akiwa chali vilevile. Kanuni nzima imekaa ndani ya maneno matatu ambayo mtoto anayajua kabla ya kwenda shule.

Msomaji aliyejifunza kuogelea katika Lualaba au Luama atauliza: kulala chali majini si kupumzika? Mtoni ndivyo ilivyo, maana uso uko nje na pumzi haikatiki. Lakini mto hauna ukuta mbele. Bwawa la Olimpiki lina urefu wa mita 50, na anayeogelea chali haoni anakokwenda. Kwa hiyo bendera ndogo hutundikwa juu ya maji, mita 5 kabla ya ukuta. Akiziona, huhesabu mikono iliyobaki. Akikosea hesabu, ama atagonga kichwa, ama atageuka mapema na kupoteza muda. Tena, kila anaposukuma ukuta anaruhusiwa kwenda chini ya maji kwa mita 15 tu, akipiga miguu yote miwili pamoja kama mkia wa samaki, kabla kichwa hakijatokeza.

Sasa tumfuate Coventry. Alizaliwa Harare mwaka 1983, na mwaka 2000 alishiriki Olimpiki ya Sydney akiwa na miaka 17. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Athens, mwaka 2004, alipata dhahabu ya mita 200 chali, fedha ya mita 100 chali, na shaba ya mita 200 mchanganyiko, yaani mashindano ya mitindo yote minne.

Beijing, mwaka 2008, ndiko tunakoona uzito wa maneno « rekodi » na « ushindi », ambayo watangazaji huyachanganya. Katika nusu fainali ya mita 100 chali, Coventry aliweka rekodi ya dunia: sekunde 58,77. Fainali ilipokuja, Natalie Coughlin wa Marekani alishinda kwa sekunde 58,96, muda mrefu kuliko rekodi ile. Coventry akachukua fedha. Rekodi ilikuwa yake, ushindi haukuwa wake. Alipata pia fedha mbili katika mchanganyiko, wa mita 200 na wa mita 400. Ilibaki mita 200 chali. Hapo alimwacha nyuma Margaret Hoelzer, aliyekuwa na rekodi ya dunia, akatwaa dhahabu na rekodi kwa pamoja: dakika 2 na sekunde 5,24.

Mwaka uliofuata, huko Roma, aliishusha rekodi hiyo hadi dakika 2 na sekunde 4,81. Aliendelea hadi Olimpiki yake ya tano, Rio 2016. Kwa jumla ana medali saba za Olimpiki kati ya nane ambazo Zimbabwe imepata; ile moja ni dhahabu ya timu ya wanawake ya hoki, Moscow 1980. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa waziri wa michezo wa nchi yake.

Jina « chali » limebeba yote haya bila kuazima neno la Kifaransa. Maneno mengine tuliyoyahitaji, kama rekodi, medali na fainali, yamekwisha kuwa ya Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu wa Kabambare au mtangazaji wa redio ya Kasongo hana haja ya kubadili lugha anapofika kwenye habari ya michezo. Tukizoea kuhama kwenda Kifaransa kila jambo linapokuwa na kanuni na vipimo, mama aliye sokoni atabaki na jina la rais mpya tu, asijue alishinda nini wala kwa nini ilikuwa vigumu.