Mwaliko wa Arusi

Mtu afanyapo arusi huwa na shughuli nyingi. Hununua mchele, huwatafuta wapishi, hukopa majamvi na viti, na kutengeneza mahali pa wageni. Lakini shughuli zote hizo ni bure kama watu hawakupata habari, au kama habari iliyowafikia ina makosa. Mwaliko ni neno dogo, lakini waweza kudumisha ujirani, na waweza kuuvunja.

Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, desturi ya zamani ilikuwa kuwatuma waalishi, yaani watu wapitao nyumba kwa nyumba kuwaita wageni. Mwalishi alipiga hodi, akatoa salamu, kisha akataja mwenye arusi, siku, na mahali. Asiyefahamu aliuliza, naye akajibiwa papo hapo. Desturi hiyo haijafa. Hata leo wazee wengi huona ya kuwa kupelekewa karatasi bila mtu wa kuja kuwaamkia ni kupungukiwa heshima.

Baadaye watu wengi walianza kutumia barua, kisha kadi zilizopigwa chapa, na siku hizi hata ujumbe wa simu. Njia hizi zafika mbali upesi, lakini zina upungufu mmoja: karatasi haiulizwi. Lisiloandikwa humo msomaji hawezi kulijua. Kwa hiyo mwandishi hana budi kujiuliza kwanza maswali yote ambayo mgeni angemwuliza mwalishi: Nani aalika? Nani aoa, na nani aolewa? Ni wapi? Ni siku gani, na saa ngapi? Ameitwa mtu peke yake, au pamoja na mkewe na watoto?

Jambo la kuangaliwa zaidi ni saa. Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana tangu asubuhi, jua lichomozapo. Lakini saa za Kizungu huhesabiwa tangu usiku wa manane. Basi kama kadi yasema "4:00" tu, mmoja atafahamu saa nne ya asubuhi, na mwingine atafahamu saa kumi ya alasiri. Huyu wa pili atafika saa sita nzima baada ya mwenzake, akute masufuria yanaoshwa. Afadhali kuandika kwa maneno, "saa nne ya asubuhi", pasibaki shaka.

Siku nayo ina mtego wake. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, siku huanza jua lichwapo. Kwa hiyo mzee asemapo "usiku wa Ijumaa", maana yake ni usiku ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kijana asiyejua hesabu hiyo atakwenda kesho yake, na arusi imekwisha. Dawa yake ni kuandika jina la siku pamoja na tarehe.

Mfano wa mwaliko mwema ni huu:

"Bwana na Bibi Fulani wa Fulani wanakualika wewe na mkeo katika arusi ya binti yao, itakayofanyika nyumbani kwao, karibu na kisima cha soko, siku ya Jumamosi, tarehe 8 Agosti, saa nne ya asubuhi. Tafadhali leteni jibu kabla ya tarehe 1 Agosti."

Maneno ni machache. Jibu laombwa mapema ili wapishi wajue kiasi cha chakula.

Kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, ni lazima kuandika orodha ya majina na kuihesabu vizuri. Kadi huhesabiwa kwa nyumba, si kwa vichwa. Kama wageni ni mume na mke katika nyumba 60, na watu 40 walio peke yao, jumla ya watu ni 160, lakini kadi zitakiwazo ni 100. Ni vema kuongeza kumi, kwa kuwa baadhi zitaharibika, na majina mengine hukumbukwa mwishoni. Tena mtu wa pili aisome kadi kabla haijapigwa chapa, kwa maana jicho la mwandishi hulipita kosa lake mwenyewe.

Kisha hufuata kazi ya kuzipeleka. Wazee wa ukoo hutangulia kupewa habari, na inafaa waendewe kwa miguu. Walio mbali hupelekewa wiki tatu au nne mbele, wapate kutengeneza safari. Jirani asisahauliwe kwa sababu yu karibu. Maana yeye ndiye asikiaye ngoma usiku kucha, na kama hakuitwa, kila pigo la ngoma lamwambia ya kuwa hakuhesabiwa kuwa mtu. Uchungu huo hukaa miaka mingi, na chanzo chake ni jina moja lililokosekana katika orodha.

MASWALI
1. Mwalishi aweza kufanya nini ambacho kadi haiwezi?
2. Kwa nini si vema kuandika "4:00" tu?
3. "Usiku wa Jumatatu" ni usiku upi kwa hesabu ya zamani ya pwani?
4. Wageni ni mume na mke katika nyumba 35, na watu 20 walio peke yao. Kadi ngapi zatakiwa?